Neno la Shukrani Katikati ya Wimbo

Siku ya gulio mji wa Same hauna adabu. Jua linawaka tangu asubuhi, vumbi linapanda, wauza mitumba wanashindana kelele na wauza nyanya, na mabasi ya barabara kuu yanapiga honi kama vile mji mzima umeyazibia njia. Katikati ya vurugu hiyo Beatha alisimama mlangoni mwa duka lake la mayai na tangawizi, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa kiunoni, akibishana na mteja juu ya gunia lililoshuka asubuhi hiyo kutoka milimani. Ndipo akatokea kijana mrefu, mwembamba, fulana nyeusi imepauka mabegani, katambuga miguuni, akauliza kama anaweza kupata trei.

Beatha akamuuliza anataka za mayai ya kisasa au ya kienyeji. Kijana akasema anataka trei tupu.

"Trei bila mayai?"

"Bila mayai, dada."

"Kaka yangu, mimi nauza mayai. Trei ni nguo yake. Unataka nikuuzie nguo, mwenyewe nimwache uchi?"

Mteja wa tangawizi alicheka mpaka akasahau alikuwa anabishania nini, akalipa bei aliyoambiwa. Kijana naye hakukasirika. Alieleza kwamba anaitwa Tumainieli, ni fundi simu, na nyuma ya kibanda chake ana chumba anachotaka kukibandika trei ukutani ili sauti isigonge na kurudi. Ana bendi. Inaitwa Kona Nyingi, na inapiga roki.

"Ile ya kupiga kelele?"

"Inapiga kelele, halafu inanyamaza, halafu inageukia kwingine kabisa. Wimbo mmoja unaweza kwenda robo saa."

"Robo saa! Na kiitikio kinakuja saa ngapi?"

"Kiitikio hakuna. Kuna kona."

Beatha alimtazama vizuri, akidhani anataniwa, akaona macho ya mtu anayesema kweli tupu. Alimpa trei zote zilizorundikana stoo na hakutaka senti, maana zilikuwa zinamjazia nafasi. Kijana aliziinua kichwani akaondoka nazo katikati ya gulio, zikiyumba, na Beatha alijikuta anamsindikiza kwa macho hadi alipokata kona ya msikiti.

Gulio lililofuata alirudi kusema ahsante. Lililofuata tena akarudi kusema kitu kingine, akakisahau njiani. Wenye macho sokoni walikwishajua. Simu zikaanza, kila jioni duka likishafungwa.

"Mama Trei, umeshindaje?"

"Nimeshinda salama, Kona. Wimbo wako wa jana umeshaisha, au bado mnaendelea?"

Walipendana hivyo, kwa utani. Huko ndani kila mmoja alijua kwamba utani ulikwisha kitambo.

Sasa, chumba kile chenye trei hakikuwasaidia kitu. Nyimbo zilirekodiwa zikatoka safi, lakini zimepoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Omari, mpiga ngoma wa bendi, kijana wa Kihurio mwenye mdomo usiojua mapumziko, ndiye aliyesema wazi kwamba Kona Nyingi ni bendi ya jukwaani, na mtu anayetaka kuinasa aifuate huko. Wakakubaliana: watapiga sehemu mbalimbali, kila onyesho watalirekodi, kisha watachagua bora ya kila mahali na kuifanya albamu moja.

Wakaenda Kihurio baada ya mavuno ya mpunga, watu wana raha na vyura wa majaruba wanaitikia kila gitaa linapotulia. Wakaenda kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, wakapiga mbele ya wachuuzi wa samaki walioanza kwa kuguna na kumaliza kwa kucheza, ndoo zikiwa kichwani. Wakapiga hapo hapo Same. Mwisho wakapanda Chome, nyumbani kwao Beatha, na Beatha hakulala vizuri kwa kuwaza.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Baba yake, mzee Eliufoo, ni mzee wa kanisa, na magitaa ya umeme hayakuwa chakula chake. Siku ya onyesho alisema hawezi kuja kwa kuwa ng'ombe anakaribia kuzaa. Mama yake, mama Elirehema, ndiye aliyekuja, kitenge cha umoja wa wanawake kimepigwa pasi, viatu vimefutwa matope kwa jani la mgomba. Na alikuja na kazi. Kina mama walikuwa wamempa neno la shukrani, maana huko mkutano wowote, wa dini au wa serikali, haufungwi mpaka mtu asimame awashukuru waliofanya.

Onyesho lilifanyika uwanja wa shule, ukungu umeshuka kutoka msitu wa Shengena mpaka usoni pa watu, vikombe vya chai ya tangawizi vinazunguka. Wimbo wao mrefu kuliko yote una mahali ambapo ngoma zinakata, besi inakata, na gitaa linabaki peke yake likinong'ona. Anayeujua wimbo huo anasubiri. Asiyeujua, kama ana akili timamu, anadhani umekwisha. Mama Elirehema alikuwa na akili timamu. Alinyanyuka, akajifunga kitenge vizuri, akaenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti, akaanza kushukuru.

Beatha alikuwa na birika mkononi. Alipoona mama yake amesimama katikati ya wanamuziki, wimbo haujaisha, na Omari amebaki na vijiti hewani, damu yote ilimpanda usoni. Aliweka birika chini akakimbilia nyuma ya darasa, akaziba masikio kwa vidole na kubana macho. Aliporudi ngoma zilikuwa zimelipuka upya, watu wanacheka na kupiga makofi, na mama Elirehema anacheza mbele kuliko wote.

Usiku ule wakiosha vyombo Beatha alitaka kuomba radhi, hakujua aombee nini. Mama yake alisema neno moja tu juu ya jambo hilo, kwamba kijana wa gitaa ana adabu, hakumkatiza.

Miezi michache baadaye mama Elirehema aliugua kifua. Akapelekwa hospitali, akapata nafuu, akarudishwa, akazidiwa tena. Akafariki. Tumainieli na Omari walikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi, na Tumainieli alikaa matanga yote bila kujionyesha, akibeba kuni na kuhamisha viti. Beatha alimwona na alishukuru moyoni, ingawa wakati huo hata kushukuru kulikuwa kazi.

Aliporudi Same ndipo swali lilipomwingia. Mama alisema nini siku ile? Watu wa Chome walikumbuka vicheko, hakuna aliyekumbuka maneno. Yeye binti yake wa kumzaa alikuwa ameziba masikio. Alimuuliza Tumainieli kwenye simu, na Tumainieli akajibu taratibu kwamba yote yamerekodiwa, hakuna neno lililopotea.

"Utayasikia kwenye albamu, mpenzi. Nataka uyasikie vizuri, yakiwa mahali pake."

Beatha akasubiri. Kila alipokumbuka ile aibu yake nyuma ya darasa alijituliza kwa ahadi hiyo.

Siku ya uzinduzi ukumbi wa Same ulijaa. Beatha alivaa gauni la kijani la mikono mipana, alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo tu, nywele zimesukwa mistari myembamba, akakaa kiti cha mbele. Albamu ikachezwa kwenye spika kubwa kabla bendi haijapanda jukwaani. Ukaja ule wimbo mrefu. Ngoma zikakata, besi ikakata, gitaa likabaki linanong'ona, na Beatha akashika kiti kwa mikono miwili.

Vyura wakalia. Ilikuwa Kihurio. Gitaa na vyura, tamu ajabu, watu ukumbini wakafumba macho. Kisha ngoma zikarudi, wimbo ukaendelea, na mama Elirehema hakuwemo. Beatha alinyanyuka katikati ya safu, akakanyaga miguu ya watu, akatoka nje.

Simu yake iliita kabla hajafika nyumbani. Aliipokea kwa sababu alitaka kusema, hakutaka kusikia.

"Umemtoa mama yangu."

"Beatha, tafadhali."

"Umeweka vyura, Tumaini. Mama yangu umemtoa, ukaweka vyura."

"Kuna sababu."

"Itaje."

Beatha alisikia watu wakimwita Tumainieli huko ukumbini. Tumainieli akasema hawezi kuitaja kwenye simu, na kwa sasa hawezi kuitaja hata uso kwa uso, amvumilie kidogo.

"Basi baki nayo," Beatha akasema, akakata.

Majuma yaliyofuata mayai yaliuzwa kwa hasira. Wateja walipewa chenji bila salamu. Tumainieli alipiga, hakupokelewa. Akaja dukani, akakuta mlango unafungwa usoni pake. Kilichomuuma Beatha hakikuwa kimoja. Aliamini kijana yule alimwonea aibu mama wa milimani aliyevuruga wimbo wake wa kisomi, na hapo alimchukia. Halafu alikumbuka nani alikuwa wa kwanza kumwonea aibu mama huyo, na hapo alijichukia mwenyewe. Kati ya chuki hizo mbili hakuwa na pa kupumzika.

Omari ndiye aliyekuja, mchana wa jua kali, akavuta kreti ya soda akakaa bila kukaribishwa.

"Shemeji, nimekatazwa kusema," alianza. "Kwa hiyo nimekuja kununua mayai. Nikisema kitu wakati nachagua mayai, hiyo si kusema."

"Chagua uondoke."

Akachukua yai moja, akalitazama kwenye mwanga. Akasema sauti ya marehemu si mali ya bendi, ni ya mume wake na watoto wake. Tumainieli alikataa kuiingiza sokoni bila kumwomba mzee Eliufoo ruhusa. Wenzake wote walimwambia apige simu, akasema jambo kama hilo haliombwi kwa simu, mtu anakwenda na wazee wake. Tarehe ya ukumbi ilikuwa imekwishatangazwa, ndiyo maana wakaweka Kihurio kwanza.

"Si angekwenda na hao wazee?" Beatha akauliza. "Nani alimzuia?"

Omari akaweka yai chini. "Shemeji, wewe ni wa huko. Kijana wa Same apande Chome na baba zake wawili, wamevaa makoti, wamebeba sukari, waulizie nyumba yenye binti. Majirani watasema wamefuata nini?"

Beatha akajibu mwenyewe. "Watasema wamekuja kuposa."

"Na kaburi bado bichi. Ibada ya shukrani ya marehemu bado. Watasema huyu mtu hana haya, hata machozi hayajakauka anataka kuoa. Alikuwa anangoja ibada ipite."

"Angeniambia mimi."

"Akuambieje? Aseme, wazee wangu watakuja kuomba sauti, wala usidhani wanakuja kuposa? Na yeye kuposa anataka. Alitaka uletewe posa kwa heshima, usijue kabla. Mimi nimemwambia ni mjinga, na bado ni rafiki yangu."

Omari aliondoka na mayai yake. Beatha alikaa kwenye ile kreti, akacheka peke yake, kicheko kikageuka kilio, na mteja aliyeingia akatoka kimyakimya. Alilia kwa furaha na kwa majuto, na zaidi kwa kujua kwamba kulikuwa na mtu aliyemheshimu mama yake kiasi cha kukubali kuonekana mbaya. Alipokwisha kujifuta uso alichukua simu.

"Kona."

Tumainieli akaitika mara moja. "Mama Trei."

"Wazee wako wana makoti?"

"Omari," Tumainieli akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Jibu."

"Wanayo."

"Ibada ya mama ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wapande kesho yake, watu wakishatoka kanisani. Na wewe, siku nyingine jambo jema usilifiche kama mtu aliyeiba kuku. Mimi nimekulilia na kukutukana kwa wakati mmoja, nimechoka."

"Nisamehe, mpenzi wangu. Nilidhani nakutunza."

"Najua. Ndiyo maana nimepiga."

Wakabaki kwenye simu wakitaniana hadi muda wa maongezi ukaisha, wala hakuna aliyejali.

Jumapili ile kulikuwa na ukungu mwepesi Chome, maua ya jana bado mabichi juu ya kaburi. Wageni waliingia sebuleni wakiwa na matope hadi magotini kwa ile barabara, wakapewa maji, wakapewa makande, wakala. Beatha alikuwa amevaa kitenge cha bluu na kitambaa cheupe kichwani, amekaa mlangoni pa jikoni, mahali anapoweza kuona uso wa baba yake. Baba mkubwa wa Tumainieli akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema wana mambo mawili, na la kwanza ni kuomba sauti.

Mzee Eliufoo hakuelewa. "Sauti ipi?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba imenaswa. Tumainieli alipiga magoti kwenye sakafu, akaweka spika ndogo mezani katikati ya vikombe, akaeleza kwa sauti ya chini. Mzee akaitikia kwa kichwa. Gitaa likaanza kunong'ona, zikasikika hatua, kitambaa kikagusa kipaza sauti, kikohozi, na mama Elirehema akaingia nyumbani mwake.

"Bwana Yesu asifiwe. Mimi nimepewa neno la shukrani, sitawachelewesha. Nawashukuru vijana hawa, wamepandisha vyombo vyao kwa barabara yetu mnayoijua. Namshukuru mwenye jenereta. Nawashukuru kina mama waliopika. Muziki wenyewe sijauelewa wote, lakini nimeona mmejitahidi."

Vicheko vya uwanja mzima vikasikika. Chini yake gitaa halikukoma. Lilikuwa linamfuata mama polepole, akipumzika linasogea, akisema linampisha.

"Namshukuru binti yangu Beatha. Amejificha kule nyuma ya darasa, ananionea aibu. Mwacheni, na mimi nilimwonea mama yangu. Na mwisho namshukuru mzee wangu, Eliufoo. Amewaambia ng'ombe anazaa. Hakuna ng'ombe anayezaa. Nyumba yetu haijawahi kuachwa bila mtu, na miaka yote anayetaka kutoka ni mimi, anayebaki ni yeye. Leo nitacheza kwa sababu yake. Nimemaliza."

Tumainieli akazima kabla ngoma hazijalipuka. Beatha alikuwa na kitambaa mdomoni, machozi yanamtiririka na hayafuti. Alikuwa amesamehewa tangu siku ile ile, mbele ya watu wote, na yeye hakusikia.

"Rudia," mzee Eliufoo akasema.

Wakarudia. Safari ya pili aliinama, mikono imeshikana katikati ya magoti, na kwenye maneno ya ng'ombe mabega yake yakatikisika, mtu asingejua kama anacheka. Ilipokwisha aliuliza kama kuna mahali wanataka kukata.

"Hatukati, mzee," Tumainieli akasema.

"Hata kikohozi?"

"Hata kikohozi."

"Basi ichukueni. Na watu wa Moshi, na wa Dar, wote wasikie." Akageukia mlango wa jikoni. "Beatha, jambo lao la pili nimekwishalijua, hata wasilitaje. Hawa wageni unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba."

"Niwapokee?"

"Wapokee, baba."

Wazee wenye makoti wakaanza kunyanyuka kupeana mikono, lakini mzee Eliufoo akawazuia kwa kiganja. Alimtazama Tumainieli, ambaye bado alikuwa amepiga magoti sakafuni karibu na spika yake.

"Huyu mama alinishukuru mbele ya watu, mimi sipo. Mimi sikuwahi kumshukuru hata tukiwa wawili. Nilidhani anajua." Akamwonyesha Beatha kwa mkono. "Binti yangu nakupa. Lakini umshukuru akiwa anasikia."

Tumainieli hakusubiri kuambiwa mara mbili. Aligeuka pale pale alipopiga magoti, mbele ya wazee wote, akasema, "Ahsante, Beatha."

"Kwa lipi?" Beatha akauliza, uso umelowa.

Akaanza kumwambia. Yalikuwa mengi, na hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyemkatiza.